Nilivyopishwa siti kwa ujauzito wa fizi

Foleni ya Tazara jioni mnaijua wenyewe, gari halisogei, joto kama lote, mimi nimesimama nimebanwa katikati, mkono mmoja umeshika bomba mwingine una kimfuko cha miwa ya vipande, natafuna zangu taratibu. Mbele yangu kuna dada kakaa kampakata mtoto, na kale katoto kamenikodolea macho balaa, nikasema ngoja nikachekee. Nikatabasamu meno yote nje.

"Mamaaa, mumiani!"

Gari zima likageuka. Mi nacheka najua utani wa kitoto, kuja kutema makapi ya muwa naona mekundu, na mdomoni kuna ladha ya chuma. Nikajitetea chapchap, "Ubuyu tu huo jamani." Bibi mmoja siti ya nyuma akasema, "Ubuyu upi mwanangu, mbona tangu Buguruni unakula miwa?"

Sasa Dar ukitaka madaktari wa bure we umwa ndani ya daladala. Mzee mwenye baraghashia kasema hicho kiseyeye, nile machungwa. Mwingine kasema nisugulie mkaa na chumvi. Jamaa wa dirishani kanishauri nipumzike kupiga mswaki mpaka fizi zipoe (huyu ndo alikuwa ananimaliza kabisa, ntawaambia kwa nini). Yule dada, alivyomtuliza mwanae, akanionea huruma, "Kaka usiogope, hata mimi nilivyokuwa na mimba ya huyu fizi zilikuwa zinanitoka damu hivyo hivyo."

Konda kule mlangoni kadaka neno mimba tu. "Oyaa, mpisheni mjamzito hapo!"

Na nikapishwa kweli. Nikakaa, sasa ningefanyaje, miguu ilikuwa inawaka moto.

Wiki hiyo hiyo nikaenda kwa daktari wa meno, nikamsimulia yote, akacheka mpaka akashusha barakoa. Alafu maswali: una sukari? Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Unavuta sigara? Nikasema sivuti, akanambia wavutaji ndo wanaodanganyika zaidi, sigara inapunguza ile damu kutoka, mtu anajiona mzima kumbe fizi zinaharibika kimya kimya. Yule dada alikuwa sahihi, homoni za mimba zinafanya fizi zivimbe haraka. Na kiseyeye kipo, ni upungufu wa vitamini C, ila kwa mtu anayefakamia matunda kama mimi yeye hakukiwaza. Changu mimi ni ukoga, ule utando wa bakteria unaojijenga pale jino linapokutana na fizi, usipoutoa fizi inavimba, inakuwa nyekundu, ukiigusa tu damu. Ukikaa unakuwa mgumu, ndo ugaga, na ugaga hata upige mswaki na msasa hautoki mpaka ukwanguliwe. Ukiacha mswaki kisa damu ndo unazidi kuufuga, na mwisho wake mfupa unaoshikilia meno unalika, meno yanaanza kucheza. Sasa kumbukeni jamaa wa dirishani.

Akanipa kioo nijionee. Nyuma ya meno ya chini ya mbele kuna kaukuta ka kahawia, aisee miaka yote najua ndo meno yangu yalivyoumbwa. Mashine ikaanza kulia nziiii, maji yanaruka, msaidizi kaingiza kibomba cha kufyonza mate, mara kipande cha ugaga kikaruka kikatua kwenye miwani ya daktari. Akakifuta tu akaendelea, hata hakushtuka.

Nikapewa masharti: mswaki wa brashi laini, uulaze kuelekea kwenye fizi, duara ndogo ndogo, dakika mbili asubuhi na mbili kabla ya kulala, na uzi wa meno kila siku. Huo uzi, duka la kwanza waliniletea wa cherehani wakaniuliza nawekewa na sindano? Nikaupata famasi. Daktari alishanionya siku za mwanzo damu itatoka, nisiache, ila ikipita wiki mbili nirudi.

Basi niko bafu la uani najivuta uzi, mdomo wazi, vidole viwili ndani, mpangaji mwenzangu kasimama na ndoo yake anasubiri, uvumilivu ukamshinda akasukuma mlango. Kaniangalia weee, kaangalia uzi.

"Hebu nikatie na mimi kipande jirani, kuna nyama ya msibani imenasa huku nyuma toka juzi."