Kinachodaiwa ni Sababu, si Mishahara Sawa

Waajiri wengi wa Ulaya wanaogopa kwamba agizo la Umoja wa Ulaya la uwazi wa mishahara, lililopitishwa mwaka 2023, litaanika malipo ya kila mtu. Nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 7 Juni 2026 kuliingiza katika sheria zao.

Hofu hiyo haina msingi. Mfanyakazi ana haki ya kujua wastani wa malipo ya wanaofanya kazi kama yake au yenye thamani sawa, wanaume kivyao na wanawake kivyao, bila jina la mtu kutajwa. Mwombaji kazi ataambiwa kiwango cha mshahara mapema, wala hataulizwa alikotoka alikuwa akilipwa ngapi. Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote. Aliyepunjwa kwenye ajira ya kwanza huhama na upunjaji wake, maana kila mwajiri mpya hupiga hesabu kuanzia pale pale.

Kisha kuna ile asilimia 5, inayosomwa kama kiwango cha kutozwa faini. Tuisome taratibu. Pengo la wastani kati ya wanaume na wanawake lifikie asilimia 5 katika kundi moja la kazi. Mwajiri ashindwe kulieleza kwa vigezo visivyobagua jinsia. Miezi sita ipite hajalirekebisha. Hapo ndipo anapotakiwa kukaa na wawakilishi wa wafanyakazi waipitie mishahara pamoja. Ujuzi ni sababu halali, utendaji pia. Anayebanwa ni yule asiye na la kueleza, na huyo, kwa maoni yangu, alistahili kubanwa zamani.

Hoja nzito ya upande wa pili inatoka Denmark, iliyotunga sheria ya takwimu za mishahara kwa jinsia mwaka 2006. Watafiti walikuta pengo limepungua, lakini hasa kwa sababu mishahara ya wanaume ilipanda polepole zaidi. Uzalishaji nao ulishuka kidogo, ingawa faida za kampuni hazikutikisika. Matokeo hayo yananisumbua. Hata hivyo, sheria haikumwamuru mwajiri yeyote kubana nyongeza za wanaume. Njia hiyo waliichagua wenyewe.

Kuhusu mzigo wa makaratasi, ripoti za kwanza za pengo la mishahara ambazo waajiri wanatakiwa kuzitoa, za mwaka 2027, zinawahusu wenye wafanyakazi 150 na zaidi. Wenye 100 hadi 149 wana mpaka 2031, muda wa kutosha kuandika kila cheo kinalipwa kwa kigezo gani.