Typedef isifiche pointa

Vijana wengi wanaoandika lugha ya programu ya C hapa Arusha wametokea kwenye Python au Java, na kwao kuandika struct mzigo, yaani aina ya rekodi iitwayo mzigo, kila mahali ni usumbufu mtupu. Wanaweka typedef, tamko la kuipa aina jina jingine, mara moja juu ya faili, kisha wanatumia Mzigo basi. Hoja wanayo: msimbo unakuwa mfupi, na hata C++ haidai neno hilo lirudiwe. Lakini upande wa pili, wa kuliandika neno struct waziwazi, ambao mwongozo wa uandishi wa keneli (kiini) ya Linux umeushikilia, huonekana kama ukaidi wa wazee, na hapo hautendewi haki.

Neno struct linamwambia msomaji kwamba hapa pana rekodi yenye sehemu zake, si namba tu. Isitoshe, C huyatenga majina ya struct na mengine, ndiyo maana POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, ina struct stat na pia funksheni stat() bila kugongana.

Tuseme unaiandikia AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja ya Meru programu ya kupokea kahawa. struct mzigo ina namba ya mkulima (int), jina la herufi 40, kilo (double), na pointa (anwani ya memori) ya mzigo unaofuata. Kwenye kompyuta ya kawaida ya biti 64 hizo ni baiti 64, ukihesabu na 4 za kujazia ambazo kompaila huongeza yenyewe. Mmoja anaandika typedef struct mzigo *Mzigo; nyota ndiyo alama ya pointa, na sasa imefichwa ndani ya jina. Mwenzake, kwenye faili jingine, anaita malloc(sizeof(Mzigo)), yaani anaomba memori yenye ukubwa wa Mzigo. Ameomba baiti 8, ukubwa wa pointa! Namba inakula 4, jina linabakiwa na 4, na yote yanayofuata yanaandikwa kwenye memori ambayo hakuiomba. Kompaila kwa kawaida haisemi kitu, na programu inaweza kwenda vizuri siku nyingi kabla ya kuanguka.

Kinachonisumbua zaidi ni const, neno la kufunga kitu kisibadilishwe. Anayeandika const Mzigo m anaamini amezifunga kilo zisiguswe. Kumbe iliyofungwa ni pointa; kilo za mkulima bado zinabadilishika. Angeandika const struct mzigo *m, kompaila ingemkatalia palepale.

Typedef ina mahali pake. FILE ya stdio.h, sehemu ya maktaba ya C inayoshughulikia faili, inafaa kabisa, kwa sababu mtumiaji hahitaji kujua kilichomo ndani. Anapitia fopen na fclose. Na hata hapo nyota imeachwa nje: FILE *f. Anayependa jina fupi aandike typedef struct mzigo Mzigo, kisha Mzigo *m, na malloc(sizeof(Mzigo)) ya mwenzake itaomba baiti zote 64.