Kimelea cha malaria kimeanza kubadilika: tubadilishe dawa sasa ama tungoje?

Ukienda kliniki hapa Kisumu na homa, kipimo kikionyesha malaria utapewa AL, ile wengi tunaita Coartem, dozi sita kwa siku tatu. Kenya iliichagua kama dawa ya kwanza 2004. Sasa majirani wamepata vimelea vyenye mabadiliko kwenye jeni inaitwa kelch13, yanayofanya artemisinini, jamii ya dawa iliyo ndani ya AL, iue polepole. Rwanda badiliko lenyewe linaitwa R561H, kaskazini mwa Uganda ni A675V na C469Y, na pale Busia watu wanavuka mpaka kila siku na vimelea viko ndani ya damu yao. Ndio maana kuna wanaotaka dawa ibadilishwe saa hii, na kuna wanaosema tulieni kwanza.

Wa kwanza nawaelewa kabisa juu ya yale yalitokea na klorokwini, dawa ya malaria ya zamani. Kenya iliiacha 1998, na kabla ya hapo watoto Afrika nzima walikuwa wanakufa wakiwa wameshameza dawa. Badiliko kwenye jeni ya pfcrt linaloonyesha klorokwini imeshindwa lilikuja kujulikana karibu 2000, kwa hivyo ishara iliyokuwepo ni mama kurudi na mtoto hali imezidi. Leo unadunga kidole, tone la damu linakaushwa kwa karatasi, linafungwa kwa kamfuko na zile punje za kunyonya unyevu, linafika maabara kama ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kule Kisian na jeni inasomwa. Uone mapema hivyo halafu ukae tu?

Lakini hao wengine nao wana hoja nzito. AL ni dawa mbili. Artemetha, ambayo ni ya jamii ya artemisinini, inapiga haraka, lumefantrini inabaki mwilini siku kadhaa ikimaliza vimelea vilivyobaki. Kimelea chenye hayo mabadiliko kinajificha kikiwa bado kichanga, siku ya tatu unaweza kukipata bado kwa damu, ila lumefantrini ikiwa na nguvu mgonjwa anapona. Na angalia SP, ile Fansidar ya zamani. Huku kwetu karibu kila kimelea kina alama za usugu wa SP, ukisoma jeni peke yake ungeitupa kitambo, na bado akina mama wajawazito wanapewa kliniki kuwakinga na malaria. Utafiti uliofanywa Kenya, Malawi na Tanzania ukatoka 2023 uliilinganisha na DP, dawa nyingine ya mchanganyiko, na DP ilizuia malaria vizuri zaidi lakini matokeo ya ujauzito hayakuwa bora kuliko ya SP. Jeni haisemi kila kitu.

Halafu kuna jambo linasahauliwa sana kwa huu mjadala. Hiyo DP ndio dawa yetu ya pili, ya kutumia AL ikishindwa, na ndani yake kuna artemisinini pia. Ukihama AL uende DP hujaikimbia kelch13, umebadilisha tu dawa mwenza, na kule Kamboja mambo yaliharibika kabisa wakati piperakwini, mwenza wa DP, nayo iliposhindwa. Kwa hivyo mimi swali langu kubwa ni lumefantrini iko aje, na hapo jeni inatuacha, hakuna alama moja ya kuaminika ya kusema lumefantrini imeisha nguvu vile pfcrt inasema kuhusu klorokwini.

Kwangu basi, alama za kelch13 zitumike kutuonyesha ni wapi wagonjwa wafuatiliwe siku 28 baada ya dawa, tukianza na Busia na Siaya. Shirika la Afya Duniani linasema dawa ikishindwa kwa zaidi ya asilimia 10 ibadilishwe, na mimi naona kungoja hadi hapo ni kuchelewa, hao ni watoto wa watu, mipango ya dawa nyingine iandaliwe saa hii. Na kufuatilia wagonjwa ni pesa, mama ametoka mbali, mtoto ameshapoa na anacheza, hatarudi kliniki siku ya 28 kama hana nauli, kwa hivyo hiyo nauli iwekwe kwa bajeti pamoja na mashine za kusoma jeni.