Mpwa Wangu na Albamu ya Kukoroma

Jamani, mimi ni fundi redio hapa Magomeni, ile ya Mtwara, siyo ya Dar. Kazi yangu kwa kifupi ni kuondoa kelele. Mtu analeta redio inakoroma, naifungua, naichokonoa, anaondoka nayo inaongea kama mtu. Spika ikikwaruza, natoa. Ampli, ile ya kukuza sauti, ikivuma, natoa. Watoto wangu wamekula, wamevaa na wamesoma kwa kelele za watu. Sasa niambieni, kijana mwenye akili zake timamu, aliyelipiwa ada kwa kelele hizo hizo, anakaaje nyumbani kwangu halafu ananunua bando ili ashushe kelele nyingine?

Kijana mwenyewe ni mpwa wangu. Na kwa sisi Wamakonde mpwa hafukuzwi hivi hivi. Ukimgusa tu, dada yako anapanda gari kutoka Newala siku hiyo hiyo, na huyo ndiye utamtafutia kapasita, kile kipuri cha kutuliza mvumo, uikose.

Amekuja likizo kutoka chuo na sabufa yake, akaitua chumbani, ukuta ule ule unaogusana na kibanda changu. Mchana nikasikia mmmmmm. Nikasema hii naijua. Umeme unaotuletea mwanga unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na zile kapasita za kuusafisha zikichoka, mtetemo wake unapenya mpaka kwenye spika. Ni ugonjwa wa kawaida kabisa, nusu saa nimemaliza. Nikachukua bisibisi, nikabisha hodi.

“Mjomba, usiguse! Ndiyo albamu yenyewe.”

“Sawa. Wimbo unaanza lini?”

“Huu ni wa tatu.”

Nikakaa kitandani nisikilize, maana mjomba lazima ajue mtoto anakula nini. Ule mmmm ukanenepa. Juu yake ukaja mluzi mwembamba unapanda, unapanda, mpaka meno ya juu yakaanza kuwasha. Halafu mkwaruzo, sijui ni bati linaburutwa kwenye sakafu au ni mtu anaburutwa kwenye bati. Mara kimya. Kimya kirefu, nikasema alhamdulillahi, umeme umekatika. Kumbe kimya nacho kimo kwenye albamu! Kikashuka kishindo kimoja nikauma ulimi. Na mwenzangu kafumba macho anatikisa kichwa. Mdundo hakuna. Nimeutafuta kila kona, haupo. Sasa hicho kichwa kinafuata nini?

Msinielewe vibaya, mimi si adui wa makelele. Mmakonde gani anayekimbia makelele? Ngoma zetu za unyago zinakesha, na wazee wanarudi asubuhi wanacheka. Singeli ya Dar inakwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, moyo unakaribia kutokea mdomoni, lakini angalau mguu unajua unapokwenda. Hii ya mpwa wangu mguu unabaki unamwangalia mwenyewe.

Nikimuuliza, ananipa somo. Eti yuko Mtaliano mmoja, Luigi Russolo, mchoraji wa picha, mwaka 1913 aliandika kwamba masikio ya watu wa mijini yamechoka na vinanda, sasa kelele za mitambo ndiyo muziki. Akatengeneza na masanduku yenye mabomba ya kutolea ngurumo. Na Mmarekani Lou Reed mwaka 1975 akatoa albamu ya santuri mbili, pande nne, kila upande kama dakika 16, hakuna kuimba, hakuna ngoma, ni magitaa tu yameegeshwa mbele ya ampli yajipigie yenyewe. Upande wa mwisho mfereji wa santuri umefungwa, sindano inazunguka pale pale mpaka uinuke uitoe.

Hapo nikaona uchungu. Gitaa mbele ya ampli si ule ugonjwa wa kipaza sauti kukaa karibu na spika? Sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye kipaza, inakuzwa, inatoka tena, inaingia tena, mpaka inakuwa fiiiiii. Mwenyekiti wa mtaa akisema tu “Ndugu wananchi”, fiiiiii! Watu wote wanageuka kunitazama mimi. Nimetukanwa kwa fiii hiyo mbele ya wakwe. Kumbe ningekuwa Marekani ningeshatoa albamu nne kwa mikutano ya hadhara peke yake.

Na haikai chumbani mwake, hilo ndilo linaloniua. Mlio mwembamba ukigonga ukuta unarudi kwa mwenyewe. Mlio mzito hauna habari na ukuta. Ule wa mara 50 kwa sekunde, wimbi lake moja lina urefu wa karibu mita saba, na chumba cha kijana ni futi 10 kwa 10. Ni kama haliwezi kuenea humo. Linatoka kwenda kuishi kwa mama mwenye nyumba. Vyombo vyake kabatini vinaongea, mabati yanajibu, na kodi inatajwa mapema kuliko kawaida.

Mezani kwangu nina kisahani cha parafujo, zile ndogo za redio za mkononi. Kikianza kile kitu, zinaanza kusogea. Moja inatangulia, inasimama kwanza ukingoni kama inafikiri, halafu inaruka. Nyingine zinafuata. Mimi chini ya meza nawasha tochi ya simu, natafuta parafujo, na juu kichwani wimbo wa saba.

Shemeji yangu alikuja kutoka Tandahimba kufuatilia malipo yake ya korosho, akalala kwangu. Alfajiri mpwa kafungulia. Shemeji, macho bado yamefungwa, akavuta shuka akajiziba pua na mdomo. Alidhani mashine ya kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, imewashwa shambani. Baada ya chai akaaga. Malipo yenyewe hakuwa ameyapata.

Biashara nayo imeingia doa. Mama mmoja muuza ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoila huku, aliniletea redio yake, ile ya kusikilizia taarifa ya habari na mawaidha. Ilikuwa inavuma, hakuna jipya. Wakati ananieleza ugonjwa, ukuta ukalia krrrrrr. Akanyamaza. Akautazama ukuta, akanitazama mimi.

“Fundi, hiyo ni ya nani?”

“Ya mpwa wangu, mama.”

“Umeshaitengeneza?”

Ningejibu nini? Nikisema bado, mimi mvivu. Nikisema ni nzima, mimi si fundi. Nikakohoa. Aliiacha redio kwa shingo upande, akaniambia atapita.

Usiku ule umeme ukakatika kweli. Hii Mtwara yetu yenye gesi ya kuzalishia umeme, ndiyo. Sikuwasha hata mshumaa, nikakaa gizani nakula kimya taratibu. Dakika kumi tu, jirani wa duka akawasha jenereta lake bovu, lile linalokohoa. Nikasikia mlango. Mpwa katoka mbio na simu, kaisogeza karibu na bomba la moshi, anarekodi!

“Mjomba, sikia hiyo ya chini! Sikia inavyopasuka!”

“Naisikia tangu mwaka juzi, baba.”

Asubuhi kaja kibandani, salamu zimejaa adabu. “Shikamoo mjomba. Ile redio ya yule mama, naomba uiwashe.” Nikawasha. Mmmmm, na kakwaruzo fulani kwa mbali. Kijana akashika mdomo. Akaniambia hajawahi kusikia kitu kama hicho, kuna tabaka, kuna kina, nisithubutu kuitengeneza. Nikamwambia kutengeneza ni shilingi 5,000 na mama anasubiri. Akatoa 7,000 nisitengeneze.

Sasa mimi ni mtu mzima, nina kodi, nina watoto. Elfu mbili zaidi kwa kutofanya kazi! Nikapokea. Baadaye ndiyo nikakumbuka kwamba hiyo 7,000 ndiyo niliyompa Jumapili ya sabuni na nauli. Redio ikaingia chumbani, mlango ukafungwa, na parafujo zikaanza safari.

Saa nne mama wa ming'oko huyo, na beseni lake kichwani.

“Fundi, tayari?”

“Bado kidogo, mama. Redio yako iko studio.”