Usiseme ni asili tu

Kaka unayesema joto hili linalopanda duniani ni la asili kwa kuwa dunia ilishawahi kupoa na kupata joto, hilo la zamani ni kweli. Lakini jua linapimwa kwa setilaiti tangu miaka ya 1970 na nguvu yake haijaongezeka, huku joto likipanda. Kilichoongezeka ni kaboni dayoksaidi, gesi inayonasa joto: hewani ilikuwa sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda. Leo imepita 420.

Sisi wa Pangani, pwani ya Tanzania, tunakijua kisiwa chetu cha Maziwe. Kilikuwa na mivinje, kasa wakitaga. Sasa ni fungu la mchanga, maji yakijaa hulioni. Nakubali, pale miti ilikatwa pia, si bahari inayopanda kwa joto peke yake. Ila kukata nako ni mikono yetu, kaka.