Ukigeuza notibuku iwe skripti: UTF-8 kwa wote au kila mashine na yake?

Ubishi huu kwa watumiaji wa Jupyter (programu ya kuandika na kuendesha kodi ya Python kwenye kurasa zinazoitwa notibuku) hauishi: faili ya .py inayotoka kwenye notibuku iandikwe UTF-8 siku zote, ama ifuate enkodingi ya mashine, yaani namna yake ya kugeuza herufi kuwa baiti? Na kuna wanaotaka herufi zote nje ya ASCII (seti ya zamani ya a hadi z, tarakimu na alama za kawaida) zing'olewe kabisa.

Mimi niko na UTF-8, ila hao wengine hawaropoki. Kwenye Windows, programu kibao za zamani bado zinasoma faili kwa cp1252 (enkodingi ya zamani ya Windows), sasa ukizipa skripti ya UTF-8 neno café linageuka cafÃ© na hakuna kinacholalamika, unakuja kushtukia kwenye ripoti. Sawa, lakini hebu andika faili hiyo kwa cp1252 wakati ndani una komenti yenye π, haitoki kabisa, unapigwa UnicodeEncodeError maana cp1252 haina hiyo herufi. Na hata ikiwa ni é tu ikatoka salama, Python 3 inachukulia kodi ya programu ni UTF-8 usipoiambia vingine, kwa hiyo inagomea hapo hapo kwenye é.

Wa ASCII wana hoja nzito zaidi kwa kweli. Ile а ya Kirusi na a yetu kwa macho huwezi kuzitofautisha, na mwaka 2021 watafiti walionyesha herufi zisizoonekana zinavyoweza kuficha kodi mbaya. Ila kuandika \u03c0 kunafanya kazi ndani ya stringi tu, kama jina la variabo ni π umekwama, na komenti zinabaki fujo. Bora kifaa cha kukagua kodi kikamate hizo herufi za ujanja.

Kinachowachanganya wengi ni ule mstari wa # coding: utf-8 ambao nbconvert (kifaa cha Jupyter cha kugeuza notibuku) inaubandika juu ya skripti. Python 2 iliuhitaji kwa sababu yenyewe ilidhani kila kitu ni ASCII, Python 3 haina shida nao. Ni lebo tu ya chupa, haibadilishi kilichomo. Jaribu hii kwenye PowerShell 5.1 (dirisha la amri la Windows):

jupyter nbconvert --to script --stdout hesabu.ipynb > hesabu.py

Ule mshale, unaopeleka matokeo kwenye faili, unaandika UTF-16 (enkodingi nyingine kabisa), baiti mbili za mwanzo ni FF FE, mstari wa coding upo na unadai utf-8, na Python inaikataa faili. Sasa mtu analaumu nbconvert bure! Toa --stdout na mshale, iache iandike faili yenyewe, yenyewe inaandika UTF-8.

PEP 686 (pendekezo rasmi la kubadilisha Python) imeshapitisha UTF-8 iwe ya kawaida hata kwa open(), amri ya kufungua faili, kuanzia Python 3.15, kwahiyo upepo unaelekea huko. Kwa matoleo ya nyuma weka encoding="utf-8" mwenyewe. Mwenye programu ya zamani atoe nakala ya pili kwa ajili yake, ya UTF-8 ndiyo iingie Git (mfumo wa kutunza matoleo ya kodi).