Una yuniti 60, mbona hujahitimu?

Kuingia chuo cha jamii cha California, yaani chuo cha umma kinachotoa digrii ya miaka miwili, hakuna ushindani. Ukishatimiza miaka 18 unapokelewa, hata kama huna cheti cha sekondari mkononi. Masomo hupimwa kwa yuniti, na somo moja huwa na yuniti kadhaa, tatu au nne kwa mfano. Ada kwa mkazi wa jimbo ni dola 46 kwa yuniti moja, kiwango ambacho hakijapanda tangu 2012, na mwenye kipato kidogo akijaza fomu husamehewa hata hiyo. Vyuo hivi viko 116. Kwa familia iliyotoka Kongo ikapitia kambini Nyarugusu hadi San Diego, sijui mlango mwingine wa elimu ya juu ulio wazi kiasi hiki.

Ugumu uko kwenye kutoka. Wapo wanaokaa miaka mitatu, minne, wakijumlisha yuniti zao zinapita 60, na digrii hawana. Wamesoma, tena kwa bidii, lakini sehemu ya walichosoma haihesabiki, na hakuna aliyewaambia mapema. Msimamo wangu ni kwamba masomo yapangwe kuanzia siku ya kuhitimu kurudi nyuma, na mzigo wa kulihakikisha hilo ubebwe na chuo, si na mgeni ambaye bado anahangaika na lugha.

Masharti yenyewe si mengi. Digrii ya miaka miwili, ile inayoitwa Associate, inataka yuniti 60 za kiwango cha digrii, wastani wa alama usiopungua 2.0 kati ya 4.0, na angalau yuniti 12 zilizosomwa katika chuo hichohicho kinachokupa cheti. Wengi wakishasoma mistari hiyo huona wameelewa. Masharti yanayokwamisha yako ndani zaidi: katika fani uliyochagua lazima uwe na yuniti zisizopungua 18, na kila somo la fani lipate C au zaidi. Kiingereza cha uandishi na hisabati navyo vinataka C. Juu ya hapo kuna masomo ya jumla, yaani sayansi, sanaa, jamii na mengineyo, ambayo huchaguliwa kwenye orodha maalumu, si popote upendapo.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa uhasibu ambaye akijumlisha kwa kidole anapata 66. Yuniti 9 kati ya hizo ni za Kiingereza cha wageni cha ngazi ya chini ambacho hakimo kwenye digrii. Zimebaki 57. Somo moja la yuniti 3 alilirudia, akalihesabu mara mbili, wakati chuo hulihesabu mara moja. Zimebaki 54. Kisha kuna somo la uhasibu la yuniti 4 alilopata D. Yuniti zake zimo ndani ya zile 54, lakini fani haijakamilika mpaka alirudie, na akilirudia hapati yuniti mpya hata moja. Kwa hiyo anadaiwa yuniti 6 na somo moja la kurudia, naye alikuwa ameshawaalika wageni wa sherehe.

Kuhusu Kiingereza, sheria imebadilika kwa manufaa yetu. Zamani mgeni alifanyishwa mtihani wa kupangiwa ngazi, akajikuta kwenye madarasa ya chini mihula minne kabla ya kugusa somo linalohesabika. Sheria ya jimbo, AB 705 ya 2017, ilivunja utaratibu huo. Mwanafunzi sasa huwekwa moja kwa moja kwenye Kiingereza na hisabati za kiwango cha chuo kikuu, na anayejifunza Kiingereza kama lugha ngeni hupewa njia ya kufika huko ndani ya miaka mitatu. Ushauri wangu kwa aliyefika juzi: anza na madarasa ya bure. San Diego kuna College of Continuing Education, ambako Kiingereza hufundishwa bila ada, bila yuniti na bila alama za kukuharibia wastani. Kaa hapo mpaka uweze kuandika kurasa mbili zenye hoja. Ukikimbilia madarasa ya yuniti kabla ya hapo, unatafuna msaada wako wa masomo na unaacha alama mbaya kwenye kumbukumbu.

Usajili una foleni yake. Anayetangulia ni yule aliyemaliza semina ya utangulizi na kuandikiwa mpango wa masomo na mshauri. Usikubali ule mpango mfupi wa muhula mmoja au miwili. Omba mpango kamili unaofika mpaka kuhitimu, na uudai katika muhula wa kwanza. Nafasi hiyo ya mbele hupotea ukipitisha yuniti 100 au ukiwekwa chini ya uangalizi kwa matokeo mabaya mihula miwili mfululizo. Na darasa likianza, fika siku ya kwanza, kwa kuwa asiyeonekana hufutwa na kiti chake kupewa aliye kwenye orodha ya kusubiri.

Kosa linalouma kuliko yote ni kuacha kuhudhuria bila kujifuta, yaani bila kuondoa jina lako kwenye usajili wa somo. Mtu hupata zamu mpya kazini, anaona somo halimfai tena, anakaa nyumbani akiamini mambo yameisha. Hayajaisha. Katika muhula wa wiki 16, ukijifuta ndani ya wiki mbili za kwanza unarudishiwa ada. Kabla ya tarehe ya mapema ambayo chuo chako kimeiweka, jina lako hutoka bila alama yoyote. Baada ya hapo utapata W, alama ya aliyejiondoa, na dirisha hilo hufungwa asilimia 75 ya muhula ikitimia, yaani kama wiki ya 12. Likishafungwa ni F. Halafu W si ya bure kama wengi wanavyodhani: somo moja unaruhusiwa kulisajili mara tatu tu ukifeli au ukiliacha, na kila W inahesabiwa humo.

Msaada wa serikali kuu, Pell, unapitia fomu ya FAFSA na una masharti yake juu ya masharti ya chuo. Kwanza, kwa kawaida unadai cheti cha sekondari au kinacholingana nacho. Diplôme d'État ya Kongo usiiache kwenye sanduku. Pili, lazima ufaulu theluthi mbili ya yuniti zote ulizojaribu, W na F zikiwemo. Tatu, ukifikisha asilimia 150 ya programu, yaani yuniti 90 kwa digrii ya 60, msaada unakatika. Nne, ukiacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula, sehemu ya fedha hurudi serikalini na deni hubaki kwako. Kuna watu wameshindwa kujisajili muhula uliofuata kwa ajili ya hilo tu.

Anayehamia kutoka Texas au Kentucky ajue kwamba ukazi hupatikana baada ya mwaka mmoja na siku moja kabla ya muhula kuanza. Kabla ya hapo hutozwa ada ya mgeni wa jimbo, ambayo katika vyuo vingi hupita dola 300 kwa yuniti. Mkimbizi aliyefikia California moja kwa moja anayo nafuu ya mwaka wa kwanza. Mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, hana Pell, na lazima abaki na yuniti 12 kila muhula, somo la mtandaoni likihesabiwa moja tu.

Sasa lile linalonikera. Ukishatimiza kila kitu, kwa kawaida digrii haitolewi mpaka uombe. Kuna fomu ya ombi la kuhitimu yenye tarehe ya mwisho, na asiyeijaza hubaki na masomo kamili bila cheti. Kompyuta za vyuo hivi tayari zina programu inayolinganisha masomo ya mwanafunzi na masharti ya digrii yake. Ikiwa mashine inaona kwamba masharti yametimia, chuo kimtumie mwenyewe digrii yake na kumpa nafasi ya kukataa. Kumdai aombe haki aliyokwisha kuilipia kwa miaka ni kuwapendelea wenye wazazi waliopita chuoni.

Hadi kanuni hiyo ibadilike, usingoje muhula wa mwisho. Ukifikisha yuniti 45 nenda kwa mshauri na katalogi, yaani kitabu cha masharti ya chuo, ya mwaka ulioanza masomo, maana masharti ya mwaka huo ndiyo yanayokulinda ilimradi hujakatisha masomo. Beba matokeo ya vyuo vingine, na ya nyumbani yawe yameshatathminiwa na shirika lililo ndani ya NACES, umoja wa mashirika ya Marekani yanayotathmini vyeti vya nje, kazi ambayo huchukua wiki kadhaa. Mwambie afungue ukurasa wa ukaguzi mbele yako na akuonyeshe kila kisanduku ambacho bado kiko wazi. Yuniti 15 zilizobaki ni muhula mmoja kamili, na kosa likionekana wakati huo linarekebishwa kwenye usajili unaofuata.